MREJESHO: Yule mgeni wa sola alikuja Alhamisi

Wakuu, nilileta uzi hapa kwamba klabu yetu ya Rotary inamwalika fundi wa umeme jua kwenye kikao cha wiki, tunataka kuifungia sola zahanati moja ya kijijini, nikaomba maswali ya kumuuliza. Mlisema nimbane kwenye betri, paneli niziache.

Nimembana. Dakika zake 20 zikawa karibu saa nzima, mwenyekiti akagonga kengele mara mbili, hakuna aliyeinuka (chai ilipoa kabisa).

Akachukua karatasi akapiga hesabu. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 200 (ampea-saa, ukubwa wa betri), inahifadhi Wh 2,400 (wati-saa, kiasi cha umeme: volti mara Ah), ila ukishusha chaji chini ya nusu kila siku utaiua mapema. Kwa hiyo una Wh 1,200 tu za kutumia. Sisi tulikuwa tumepanga betri moja ibebe taa, friji ya chanjo na kuchaji simu za wahudumu! Kumbe zipo friji za chanjo zinazokula umeme wa paneli moja kwa moja, bila betri. Mchana zinagandisha barafu, usiku barafu ndiyo inatunza ubaridi. Hapo mweka hazina wetu, mtu mgumu kweli, alitoa kalamu.

Bajeti tumeirudisha mezani. Friji itajitegemea, betri ibaki ya taa na simu. Kuhusu nani atafuta vumbi kwenye paneli, hatujakubaliana bado. Asanteni sana, hasa yule aliyesema "muulize usiku inakuwaje".