Mrejesho: oda za duka kupotelea kwenye barua pepe

Wakuu, niliuliza jinsi ya kuzuia oda za duka letu la vipuri hapa Kisumu zisizame kwenye matangazo. Asanteni sana.

Kilichosaidia ni vichujio (filters) vya Gmail yenyewe, yaani kanuni za kupanga barua zinapoingia: barua yenye neno "oda" inajiwekea lebo, matangazo hayaingii kikasha (inbox). Vichujio uvitengenezee kwenye kompyuta, programu ya simu haina sehemu hiyo. Kisha naburuta barua hadi Google Tasks, orodha ya kazi za kufanya iliyo pembeni mwa Gmail, naiwekea tarehe, na kiungo cha barua kinabaki humo. Raha tupu!

Kiongezi (programu ndogo ya ziada) nilichokuwa natumia kuahirisha barua, yaani ifichwe kisha irudi baadaye, nimekitoa. Kilitaka ruhusa ya kusoma kila kitu, na Gmail ina kuahirisha kwake tangu 2018.

Imebaki hii: wateja wa Kakamega hutuma oda kwa WhatsApp tu. Mwenye njia?