Naomba ushauri: mwalimu wa hisabati anakosea, nimfundishe binti yangu nyumbani?

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Niko Ujiji, Kigoma, binti yangu yuko darasa la nne. Juzi alitafuta mzingo wa mstatili wa sentimita 6 kwa 4, akapata 20. Mwalimu akamkosesha, akaandika jibu ni 24. Hilo ni eneo! Si mara ya kwanza, na sasa mtoto ananibishia mimi.

Nimeongea na mwalimu kwa upole, kisha mwalimu mkuu; akasema walimu ni wachache. Darasa limejaa kweli, namwelewa.

Mke wangu anataka tumfundishe nyumbani kwa vitabu vya Taasisi ya Elimu. Je, sheria inaturuhusu kumtoa shule? Na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne atasajiliwa wapi?