Tochi za kuchaji: tupeane uzoefu, betri gani imewahi kukutosa?

Mfugaji_Njombe: Wakuu, jana umeme umekatika, nashika tochi, nabonyeza, kimya. Nikakumbuka ya mwaka juzi. Ng'ombe wangu kashikwa uchungu saa nane usiku, ndama katanguliza miguu ya nyuma. Mama watoto anamulika, mimi mkono umo ndani mpaka kiwiko, mguu mmoja nimeshaufunga kamba, nautafuta wa pili. Tochi ikapepesa mara mbili, giza. Betri ni ile ya lithiamu ya 18650, imeandikwa 9900mAh (kiasi cha chaji inachobeba), na nilishinda naichaji kutwa! Tukamalizia na simu yenye asilimia nane, kaing'ata kwa meno ili mikono yake ivute kamba. Ndama alitoka mzima. Nyie mnatumia betri gani?

Fundi Solda: Mkuu, 18650 ya 9900mAh hakuna duniani. Jina lenyewe ni kipimo: upana milimita 18, urefu 65. Humo, nzuri nyingi zinaishia kama 3500. Nzima ina uzito wa gramu 45 hivi. Ukiwa na shaka mpelekee sonara akupimie. Niliyouziwa mimi ilikuja na 28. Nikaichana: kibetri kidogo katikati, pembeni unga mweupe.

Bi Shangazi: Kumbe tunachaji sembe 😂

Kijana wa Gereji: Mimi sinunui. Natafuta betri mbovu ya laptop, mara nyingi ina sita ndani na zilizokufa ni moja au mbili. Bure kabisa.

Fundi Solda: Bure mpaka ikulipukie. Hizo hazina kinga ya ndani. Ulizipima volti kabla ya kuchaji? Iliyoshuka chini ya 2.5 usiifufue.

Kijana wa Gereji: Nazifufua mwaka wa tatu huu na nyumba ipo.

Fundi Solda: Haya, endelea.

Mzee wa Gongo la Mboto: Mnabishana volti, mimi nina kovu. Nilikuwa na betri ya akiba, nikaitia mfuko wa suruali pamoja na funguo na chenji. Daladala imejaa, nimesimama, jamaa kaniegemea. Nahisi paja lapata joto, nikadhani ni yeye. Mara linaunguza! Naingiza mkono, funguo ni kaa la moto. Nikapiga kelele "nafunguliwa suruali!", namaanisha nafungua. Konda akadhani kibaka. Abiria mmoja keshanishika kola, mimi niko na mkanda, moshi unatoka mfukoni. Nilishuka na bukta, suruali nimeikunjia kwapani, betri nimeiacha mtaroni. Tangu siku hiyo kila betri ina kikopo chake cha plastiki.

Mtoto wa Pwani: Chai ☕ Betri ya tochi itoe moshi?

Fundi Solda: Si chai. Chuma kikigusa ncha zote mbili umeme wote unapita kwenye funguo. Pona yake ni kuitoa mapema.

Bi Shangazi: Mimi bado niko kwenye bukta. Mama huko nyumbani ulimwambiaje, babu?

Mzee wa Gongo la Mboto: Nilimwambia betri. Hajaamini hadi leo.

Mtoto wa Pwani: Haya, turudi kwenye mada. Tochi yangu inakula betri moja ya kidole. Nikaona dukani ya kuchaji, saizi ileile, nikaweka. Iliwaka kama taa ya uwanjani, sekunde mbili, basi.

Fundi Solda: Uliweka 14500 hiyo, ya lithiamu, volti 3.7, na tochi imezoea 1.5. Ungechukua zile za kuchaji za 1.2.

Jirani Kisumu: Sisi huku bado tunaweka mawe makubwa ya duka. Hayana maneno.

Kijana wa Gereji: Na zile tochi za kuchomeka ukutani? Yangu niliiacha miezi mitatu bila kuichaji, haikuamka tena.

Fundi Solda: Ina betri ya risasi kama ya gari. Hiyo ukiiacha tupu inakufa. Ya lithiamu ukiihifadhi iache na chaji nusu, na usiku uichomoe kwenye chaja.

Bi Shangazi: Dada yangu anachaji usiku kucha, haijambo.

Mpita Njia: Mfugaji, yule ndama ni dume au mtamba? Kama mtamba nicheki PM na bei.