Nataka mama aone harusi kwenye TV, lakini simu inachaji tu haitoi picha

mwana_arua:
Wapendwa habari zenu, naomba msaada maana nimehangaika wiki mbili sasa. Mdogo wangu alioa kule Mbale mwezi uliopita na mama hakuweza kwenda, miguu yake haivumilii basi la usiku kutoka Arua mpaka Kampala halafu Mbale tena, kwa hiyo tulimwahidi ataiona harusi nyumbani. Video ninayo kwenye simu, ni Tecno ya tundu la Type-C, ila macho ya mama hayawezi kioo kidogo, nikimshikia anauliza huyu nani, na huyu nani, mpaka anachoka analala. TV yetu ni inchi 32 si smati, nyuma ina HDMI mbili na USB moja. Nimechomeka waya wa chaji kutoka simu mpaka USB ya TV, simu inachaji tu, TV inasema hakuna kifaa. Halafu duka moja mjini wakaniuzia kidude cha kuchomeka HDMI, eti picha inakuja bila waya, kweli picha inatokea kama dakika moja halafu kinazima kinawaka tena. Nimerudisha wamekataa. Mashangazi wanatoka Koboko Jumamosi na wote wanataka kuona, nifanyeje?

fundi_wa_jinja:
Dada pole, lakini usikitupe hicho kidude! Kile kiwaya chake chembamba cha USB cha kuleta moto umekichomeka wapi? Kama ni kwenye TV basi hapo ndipo penye shida. USB ya TV nyingi inatoa nusu ampea tu, na vidude vingi vya namna hiyo vinataka ampea 1, kwa hiyo kikianza kufanya kazi nguvu inaisha kinazima. Chomoa, weka kwenye kichwa cha chaji ya simu ukutani, ujaribu tena. Nimeletewa vya watu wengi wakidhani vimekufa na vilikuwa vizima kabisa.
Waya wa chaji achana nao. Watu wanaona tundu ni moja wanafikiri kila Type-C inatoa picha, hapana, simu lazima iwe na njia ya kutoa picha, inaitwa DisplayPort, ndani ya tundu, kama Samsung za Galaxy S kuanzia S8 ya 2017 au iPhone kuanzia 15 ya 2023. Simu nyingi za bei ya chini hazina, hata ukinunua adapta ya kawaida ya HDMI TV itabaki nyeusi. Usipoteze hela huko.

bodaboda_kla:
Na ukitumia kidude hakikisha TV umeiweka kwenye HDMI ile ile uliyochomeka. Mimi niliwahi kukaa saa nzima niko HDMI 1 na kidude kiko 2

mamaz_lira:
Mwanangu mimi nakuambia njia ya sisi tusiojua mambo mengi: flashi. Nunua flashi na kile kiunganishi kidogo cha OTG cha kuunganisha flashi na simu, chomeka kwenye simu, nakili video, chomoa peleka kwenye TV, bonyeza Source chagua USB. Kama simu yako ina memori kadi ni rahisi zaidi, itoe uiweke kwenye kisoma kadi cha USB moja kwa moja, ila angalia isiwe ile uliyoifanya iwe sehemu ya simu yenyewe, hiyo TV haisomi. Flashi haitaki waifai wala MB.

mwana_arua:
Mama asante sana. Fundi umesema kweli, kidude kimetulia tangu nikiweke ukutani! Ila picha inakwama kwama watu wakicheza ngoma, sauti inatangulia. Nikasema basi niende kwa flashi, sasa simu inaniambia faili ni kubwa mno wakati flashi ni ya GB 32 na haina kitu. Video ni GB 5 na kidogo, mpiga picha aliiunganisha yote. Na je, hicho kidude kinakula MB zangu?

fundi_wa_jinja:
MB hakili. Kidude chako kinatumia Miracast, njia ya kurusha kioo cha simu kwenye TV, simu na kidude vinaongea vyenyewe kwa waifai hata kama huna intaneti. Ingekuwa unarusha YouTube kwa Chromecast, kidude cha Google, hapo ndipo kifaa kinavuta chenyewe mtandaoni na hotspoti yako ingeisha. Kukwama ni mawimbi ya waifai, sogeza simu karibu na TV na uzime hotspoti.
Kuhusu flashi, imepangwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4 hata flashi ingekuwa kubwa namna gani. Ukiipanga kwa mpangilio mpya zaidi wa exFAT simu nyingi zitakubali lakini TV za zamani nyingine hazisomi, bora ikate video vipande viwili.

kijana_mbarara:
Kabla ya kukata, jaribu kipande kifupi kwanza. Ukisikia sauti tu bila picha, huenda video imebanwa kwa njia mpya ya H.265 na TV yako inajua ile ya zamani ya H.264 tu. Tafuta mtu mwenye kompyuta, aweke HandBrake, programu ya kubadilisha video, ni ya bure, achague Fast 1080p30, itatoka MP4 ya H.264 na huenda ikapungua chini ya GB 4 pia. Tafadhali usijitumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida ili ipungue, inabana sana, kwenye inchi 32 sura zinakuwa ukungu na mama atarudi kuuliza huyu nani.

mwana_arua:
Nimerudi. Kipande kilitoa sauti bila picha kama ulivyosema kijana. Binamu ana laptopu, aliiacha HandBrake usiku ikafanya kazi, imetoka GB 2 na kidogo, flashi ikapokea. Jumamosi mashangazi walijaa sebuleni, mama amekaa mbele kabisa, bibi harusi alipoingia alisema simamisha hapo, tukasimamisha, akamwangalia muda mrefu, akasema anafanana na bibi yetu aliyekufa. Wameiangalia mara mbili mpaka chai ikapoa. Awadifo (asante kwa Kilugbara) sana nyote.