Kagongewa viza ya kuingia mara moja, na anakwenda Svalbard

Kutoka: Mtoto wa Tukuyu, Bergen

Wanandugu, mwagonile.

Naombeni msaada, tena wa haraka. Mdogo wangu wa kike yuko Mwanjelwa, kapata kazi ya usafi hotelini Longyearbyen, mji wa Svalbard, vile visiwa vya Norwei kaskazini kabisa. Mkataba anao, chumba cha mwajiri kipo, bima ya safari ya euro 30,000 tumelipia. Jana pasi imerudi: viza C, ile ya muda mfupi, na pale kwenye idadi ya kuingia wameandika 01. Kwenye barua tulieleza wazi kwamba anapita Oslo akienda na atapita hapohapo akirudi, tukaomba mara mbili. Nimepiga simu, dada wa mapokezi ananiambia, "Kaka, si anakwenda Norwei hukohuko? Mara mbili ya nini?"

Anaondoka Songwe Alhamisi ya wiki ijayo. Nauliza kitu kimoja tu: viza hii inarekebishika kabla hajaruka, au aende nayo hivyohivyo?

Kutoka: Mbena wa Leeds

Kamwene. Ila kwani Svalbard wanadai viza? Kuna mkataba wa 1920, mtu yeyote anakwenda na kukaa. Mwambie apande ndege, asiwape hela zaidi, maana viza yenyewe siku hizi ni euro 90.

Kutoka: Dada wa Uyole, Tromsø

Mbena, usimpoteze mtoto wa watu. Mkataba unawapa haki raia wa nchi zilizosaini. Sisi wengine tunaingia kwa sababu sheria ya uhamiaji ya Norwei haitumiki kule, basi. Lakini hakuna ndege ya kutoka Songwe hadi Longyearbyen! Lazima apite Norwei bara, na bara ni Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Akiruka kwenda kule ametoka Schengen, na mpakani inaandikwa. Hiyo 01 inakuwa imekwisha. Siku akitaka kurudi nyumbani hana mlango.

Nayasema haya nikiwa nimekaa kule majira mawili ya baridi, nikitandika vitanda. Kuna binti tulifanya naye kazi, akafiwa na mama yake mwezi wa Novemba, viza yake ilikuwa kama hiyo. Alikaa kwenye ngazi za chumba cha wafanyakazi, simu mkononi, soksi miguuni (kule viatu unavua mlangoni hata hotelini, desturi ya tangu enzi za wachimba makaa). Mazishi aliyaona kwa video. Na giza lile! Jua linaaga mwisho wa Oktoba, mjini mnaliona tena tarehe 8 Machi, watu wazima wamejikusanya kwenye ngazi za hospitali ya zamani wakilisubiri kama watoto. Mimi nililia, siwafichi.

Na ajue pia: hakuna ustawi wa jamii. Kazi ikiisha, chumba cha mwajiri nacho kimeisha, na Gavana, yaani Sysselmester, ana mamlaka ya kumwondoa asiyeweza kujitunza. Mjamzito naye anapelekwa bara wiki kadhaa kabla ya kujifungua.

Kutoka: Baba Neema, Minneapolis

Si aombe viza A ya kupita uwanjani? Mimi mwaka 2011 nikipita Ulaya niliombwa A, nikakataa, nikabishana nao saa tatu nikiwa na mtoto mgongoni...

Kutoka: Dada wa Uyole, Tromsø

Baba Neema, A ni ya asiyetoka eneo la kimataifa la uwanja. Hapa inatakiwa C ya kuingia mara mbili au zaidi. Kisa chako cha 2011 tumeshakisoma, kaka.

Kutoka: Baba Neema, Minneapolis

Nilikuwa nachangia tu. Humu ukichangia unakuwa adui.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Iringa

Wanangu, mimi nimerudi, naandika nikiwa Kihesa, jiko la mkaa liko miguuni. Mnamtisha binti kwa baridi? Aliyelala Matamba mwezi wa Julai, akaamka akakuta majani ya Kitulo meupe kwa sakitu, umande ulioganda, haogopi. Tulikuwa tunatoka kuchunga vidole havikunji, bibi anakupa kiazi cha moto ukishike kwanza ndipo ukile. Ila swali langu: kodi je?

Kutoka: Dada wa Uyole, Tromsø

Kodi ya mapato asilimia 8, na mchango wa bima juu yake. Ndiyo maana watu wanakwenda. Lakini Mwalimu, Kitulo jua linachomoza! Na miaka atakayokaa kule haihesabiwi akija kuomba ukaazi wa kudumu bara. Hata kura ya halmashauri: tangu 2022 mgeni hapigi kama hajawahi kukaa bara miaka 3.

Kutoka: Mbena wa Leeds

Wanalipa kodi na hawapigi kura? Kama sisi na nyumbani! Hela tunatuma, uraia pacha hapana, tunapewa hadhi maalumu kama mgeni wa harusi aliyewekewa kiti nje ya turubai...

Kutoka: Msimamizi

Siasa nje, tafadhali. Mara ya pili mwezi huu.

Kutoka: Mbena wa Leeds

Hiyo si siasa, ni masaibu yetu. Mwalimu, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umeanza huko?

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Iringa

Umeanza. Mtamu bado, haujachachuka. Jana nimekunywa kikombe kimoja kwa ajili yako.

Kutoka: Mtoto wa Tukuyu, Bergen

Ndaga fijo kwa wote. Nimesoma kila kitu, mpaka kiazi cha bibi. Kwamba 01 ni tatizo nilikuwa nalijua, ndiyo maana niliandika. Kuna aliyewahi kurudisha pasi wakabadilisha? Ilichukua siku ngapi? Zimebaki nane.

Kutoka: Baba Neema, Minneapolis

Mimi 2011 ilichukua wiki tatu, ila ilikuwa A.

Kutoka: Mama Wawili, Malmö

Samahani nachelewa kuingia. Huyo binti anayekuja, anaweza kunibebea unga wa ulezi kilo mbili? Auache Oslo, nitatuma mtu.