Kufunga turbo kwenye 1HZ bila kuua AC, inawezekana?

Mzee wa Mkonga
Wakuu habari za humu. Nina Land Cruiser mkonga HZJ75, injini 1HZ, naipenda balaa. Shida ni safari za Iringa, tukishanunua vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, na joto la pale mnalijua, nikianza tu kupanda mlima Kitonga lazima nizime AC la sivyo gari linalia gia ya pili kama limebeba tofali, na nikishusha vioo ni moshi wa malori hadi juu. Nataka nifunge turbo (ile ya kuisukumia injini hewa zaidi ipate nguvu) ila fundi wangu anasema ukifunga turbo sahau AC. Kweli hii? Mama watoto kashasema bila AC hapandi.

Dizeli Nyeusi
Mkuu asikutishe, mi ninayo mwaka wa nne na kompresa ya AC (pampu ya gesi yake) ipo palepale ilipokuwa. Kilichoniliza ni hozi ya AC, ilipita karibu na bomba la moshi linaloshuka toka kwenye turbo afu fundi akaiacha hivyohivyo, wiki mbili tu raba ikaiva, gesi yote kwaheri. Tukatengeneza hozi ndefu ikazungushwa mbali, tukaweka na bati la kukinga joto, bati lisigusane na hozi lakini, acha nafasi hewa ipite.
Afu usikubali intakula (ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo) mbele ya kondensa (ile ya kupoza gesi ya AC). Joto lake lote linapulizwa kwenye kondensa, kisha kwenye rejeta, ndo hapo AC inatoa hewa ya vuguvugu na geji ya maji inapanda. Presha ya turbo ukiiweka kwenye psi 7 hivi, intakula huihitaji.

fundi_mstaafu
Naongezea. 1HZ haikuzaliwa na turbo, kompresheni yake (inavyobana hewa kwenye silinda) ni 22.4 kwa 1, ndugu yake 1HD-T aliyetoka kiwandani na turbo ana 18.6. Kwa hiyo ukisikia fundi anataka kuzungusha skrubu ya pampu ya dizeli "kidogo tu" mnyang'anye bisibisi, dizeli ikizidi joto la moshi linapaa na hedi (kichwa cha injini) inapasuka. Weka geji ya joto la moshi, sensa iingie kwenye menifoldi ya moshi kabla ya turbo, ukiona inaelekea digrii 700 punguza mguu. Na bomba la kurudisha oili toka kwenye turbo literemke moja kwa moja hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), oili inarudi kwa kuteremka yenyewe, haisukumwi.

Kijana wa Mbezi
si afunge swichi ya kukata kompresa turbo ikianza kusukuma? rahisi

Dizeli Nyeusi
@Kijana wa Mbezi Kitonga yote turbo inasukuma, sasa AC ataifaidi wapi, kwenye mteremko? Bora swichi ikate kwa joto la maji.

fundi_mstaafu
Ila mzee kabla ya yote, kondensa umeiosha lini? Na feni ya silikoni (ile ya kupoza rejeta), injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono, ikizunguka kirahisi ujue imekufa.

Mzee wa Mkonga
Nimerudi wakuu. Kondensa nimeiosha leo, limetoka tope na panzi wa tangu enzi za mwenye gari wa kwanza. Feni nayo inazunguka kama pia 😂 Naanza na feni, turbo mwezi wa nane. Mama watoto sijamwambia bei.