Kumpiga pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, kutoka mita 640 kwa risasi nyepesi si uwindaji, na nimechoka kuoneshwa video hizi

Nimetoka maskani Kibokoni, hapa Mombasa, sasa hivi, kahawa nimeiacha haijaisha. Kijana mmoja, jina lake silitaji kwa sababu namheshimu mamake, alikuwa anapitisha simu barazani kutuonesha jamaa wa ng'ambo akimpiga pofu dume kutoka umbali wa karibu mita 700. Bunduki inalia, kimya kidogo, mnyama anajikunja, jamaa wanakumbatiana, video inakatika. Baraza likashangilia. "Yakhe, huyu fundi!" Nikauliza: alianguka? Hakuna aliyenijibu, maana hakuna aliyeona. Nikauliza tena, nikaambiwa nimeanza kuzeeka.

Basi nawajibu hapa, kwa sababu pale hasira zilinipanda nikashindwa kusema.

Kwanza mjue nazungumza kama nani. Babu mzaa mama, Mtaita wa upande wa Voi, alibeba bunduki za wageni tangu ujana wake mpaka Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Mimi mwenyewe nimeendesha Land Cruiser ya kambi ya uwindaji kusini mwa Tanzania misimu mitatu. Nimekula nyama ya porini na mshahara wangu umetoka huko. Sikuja hapa kupinga uwindaji wote. Nina neno na jambo moja.

Msimu wangu wa pili tulipata mteja aliyekuja na bunduki ya 6.5 Creedmoor. Kwa wasiojua, kaliba hiyo (yaani kipimo cha mtutu na risasi yake) ilitoka mwaka 2007 na ilibuniwa kwa mashindano ya shabaha, kutoboa karatasi na kugonga vyuma kwa mbali. Risasi yake ina uzito wa gramu 9 hivi. Kwa nyati na tembo sheria ya Tanzania inataka kaliba nzito ya .375, na hapo alitumia bunduki ya kambi. Lakini pofu hahesabiwi mnyama hatari, kwa hiyo hakuna aliyemkataza kumpiga kwa hiyo yake. Pofu dume anaweza kufika kilo 900, yakhe. Ng'ombe wa kuchinja siku ya Idi hamfikii.

Siku ya tano, jioni, tukaona kundi ng'ambo ya mbuga. Mwindaji bingwa, yaani yule mwenye leseni anayemwongoza mteja, akasema tushuke, kuna korongo la kutuficha, tukilifuata tutatokea mita 150 kutoka kwao. Mteja akasema jua linazama, na kwao yeye hupiga mbali kuliko hapo. Kipima umbali kikasoma 640. Mwindaji bingwa akanyamaza. Nilimlaumu siku ile na leo bado namlaumu: mteja ndiye mwenye pesa, lakini mwenye leseni na dhamana ni yeye.

Mteja akalala kifudifudi, akaegemeza bunduki kwenye mkoba, akabonyeza vijidude vyake vya kupigia hesabu. Upepo ulikuwa unatoka kushoto, unakuja na kukatika. Akapiga. Kishindo cha risasi kuingia mwilini kilitufikia kama sekunde tatu baadaye. Niliyekuwa na darubini ya mkononi ni mimi, na nilichokiona nakisema: kati ya mlio na pigo dume alishapiga hatua moja mbele. Akapigwa nyuma, tumboni. Akajikunja vilevile kama kwenye hiyo video yenu. Wakakumbatiana vilevile.

Kisha akaondoka kwa ile mbio yao pofu, mbio ya polepole isiyochoka.

Hadi tumezunguka mbuga na kufika aliposimama, giza limeingia. Tochi ikaonesha damu kidogo, nyeusi, imechanganyika na majani aliyokuwa ameyatafuna. Mzee mmoja mfuata nyayo aliinama, akayasugua majani yale vidoleni, akanusa, akayafuta kwenye suruali. Hakusema neno. Kila mtu pale alijua maana yake. Aliyepigwa moyoni au mapafuni huanguka muda si mrefu. Aliyepasuliwa utumbo anaweza kuchukua usiku kucha na siku nyingine juu yake, huku tumbo lake linaoza angali anatembea.

Tulirudi alfajiri. Wafuata nyayo wawili, askari wa wanyamapori na mwindaji bingwa wakaingia kichakani kwa miguu. Mteja alitembea nao saa moja, akarudi kukaa na mimi garini. Wale wakaendelea mpaka saa tisa alasiri. Mzee aliniambia baadaye kuwa mara mbili walimsikia kabla ya kumwona. Magoti ya pofu dume hualika akitembea, unayasikia kwenye utulivu wa pori. Mara zote mbili aliwanusa akatoka mbio. Siku ya tatu tai walituonesha alipo. Fisi walikuwa wameshamaliza, zimebaki pembe na ngozi ya shingo.

Nilipomwambia mteja, alisema: "Si amelipiwa?" Ni kweli alilipiwa. Kule mnyama aliyejeruhiwa akapotea analipiwa kama aliyeuawa. Lakini tangu siku ile neno hilo halijanitoka masikioni.

Kwa hiyo mkinionesha video inayokatika kwenye kukumbatiana, najua kilichokatwa. Huenda yule wenu alianguka hatua kumi mbele. Aliyekata video ndiye anayejua, na amekunyimeni kwa makusudi.

Sasa hesabu, maana kijana aliniambia siku hizi teknolojia imemaliza kila kitu. Risasi ya 6.5 ikitoka mtutuni ina nguvu ya jouli 3,100 hivi. Ikifika mita 640 imebaki na kama 1,300, chini ya nusu, na mwendo wake umeshuka hadi kama mita 530 kwa sekunde. Risasi nyingi za kuwindia zimetengenezwa zifunguke kama ua zikigonga nyama, na zinahitaji mwendo ili zifunguke. Ikichoka inapenya kama msumari, inaacha kitundu. Linganisha na .375 H&H ya mwaka 1912, risasi ya gramu 19 na jouli kama 5,800 mtutuni, nayo wazee waliipiga karibu. Halafu upepo. Upepo wa kawaida wa kilomita 16 kwa saa ukikatiza njia unaisogeza ile 6.5 kwa kama sentimita 80 kwa umbali huo. Ukikosea kuukadiria kwa nusu tu, pigo la moyo limeshahamia tumboni au hewani. Na upepo wa ulipolala si upepo wa katikati ya mbuga wala wa pale aliposimama mnyama. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo, kila nahodha wa Bandari ya Kale anajua pepo mbili zinavyokutana mlangoni.

Tuseme upepo umetulia kabisa na mpigaji ni hodari kuliko wote. Risasi inachukua kama sekunde moja kufika. Katika sekunde hiyo mnyama ana haki ya kutembea, na hakuna kompyuta inayomjua atakavyotembea. Karatasi ya shabaha haiondoki ilipo. Hodari wa karatasi akikosa anapunguziwa alama. Hapa akikosa kidogo anayelipa ni mwingine.

Kuna msomi mmoja barazani aliniletea habari za Bell, yule Mskoti waliyemwita Karamojo, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. "Kama 7 iliua tembo, 6.5 itashindwaje na pofu?" Ndugu yangu, umeisoma nusu. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, akatembea maelfu ya maili, akasogea karibu mpaka akawa na hakika ya mahali risasi inapoingia. Risasi yake nyepesi ilifaa kwa sababu ya ukaribu huo. Wewe unachukua wepesi wa risasi yake na kuuacha mwendo wa miguu yake. Na simtakasi Bell, alikuwa mfanyabiashara wa pembe. Wala sisemi wazee wote walikuwa malaika. Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alishuka hapahapa Mombasa Aprili 1909, na yeye na mwanawe wakaua wanyama zaidi ya 500 kabla ya kumaliza safari.

Lakini babu yangu alinieleza sharti moja la kambi za zamani, na hili ndilo linaloniuma kuliko hesabu zote. Mgeni akimjeruhi nyati, yule mwindaji aliyempeleka anaingia kichakani mwenyewe, mbele, na babu nyuma yake na bunduki ya pili. Babu alikuwa na kovu la pajani kutokana na siku moja ya namna hiyo. Kwa hiyo kabla mtu hajaruhusiwa kuvuta kifyatulio, kulikuwa na mtu mzima anayejiuliza kama yuko tayari kuingia mule. Hofu hiyo iliwafanya wasogee. Anayepiga kutoka ng'ambo ya bonde hana hofu hiyo. Anayeingia ni mfuata nyayo, mwenye watoto wanaosubiri ada ya shule, na jina lake halimo kwenye video.

Tena tazameni nani alipewa jina gani. Waata wa bara ya pwani yetu, tuliozoea kuwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa upinde mzito na mshale wa sumu, wakimnyatia mpaka hatua chache tu, mnyama akiwa na kila nafasi ya kuwanusa, kuwasikia na kuwakanyaga. Katikati ya miaka ya 1950 walisombwa kutoka Tsavo wakafungwa jela kama majangili. Sitaki ujangili urudi, tembo wa Tsavo wameteseka vya kutosha. Lakini msiniambie kwamba aliyelala kwenye mkeka mita 700 mbali, na mnyama hana habari kama yupo duniani, ndiye mwanaspoti.

Na sisi Waislamu tuliokuwa barazani tumetoka kuswali Magharibi! Mtume (s.a.w.) amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ametuamrisha tunapochinja tuchinje vizuri, tunoe kisu, tumpumzishe mnyama. Uwindaji ni halali, upigie bismillahi na ukusudie. Lakini anayepima kama bunduki yake inafika, na kipimo chake ni mwili wa kiumbe hai, amefanya kilekile kilichokatazwa.

Nitaambiwa Kenya tumeshapiga marufuku, yanatuhusu nini. Yananihusu kwa sababu vijana wetu wanavuka mpaka wa Lunga Lunga kuingia Tanzania kwenda kutafuta kazi kwenye kambi hizo, na wanakwenda wameshajifunza kwenye simu kwamba umbali ndio ufundi. Siku moja mmoja wao ndiye atakayekuwa mwindaji bingwa, ndiye atakayetakiwa kumwambia mteja "hapana, tushuke korongoni". Atasema hivyo akiwa amekulia kwenye makofi ya namna hii?

NYONGEZA, saa nne usiku: nimeona majibu. Anayesema nataka watu wapige kwa .375 kila kitu hadi swala, sikusema hivyo. Bunduki nyepesi kwa mnyama mdogo, kwa karibu, mikononi mwa mtu mtulivu, inaua vizuri kuliko bunduki kubwa inayomtisha mwenyewe. Nimeona wageni wanafumba macho kwa kuogopa teke la .375. Ninachokikataa ni vitu viwili vikikutana: risasi nyepesi, mnyama mkubwa, na katikati yao bonde zima.

Anayeuliza nitaje umbali: kwa pofu na mwenye 6.5, mzee mfuata nyayo angekwambia 200 ni mbali. Mimi nasema kama yeye.

Na wewe kijana, najua unasoma hapa. Sikukasirikii wewe. Mtafute aliyeirusha hiyo video umwombe kipande kilichobaki, tangu walipokumbatiana hadi walipomfikia mnyama. Ukikipata, Jumamosi baada ya Isha nipo palepale, nitakitazama mbele ya watu wote. Ukinyimwa, njoo vilevile, nikuoneshe picha niliyopiga siku ya tatu.